Velo za kukodi Goma mpaka Mushaki: kupanda sawa, kushuka njo uangalie

Batu wananiuliza sana juu ya ile duka ya kukodi velo hapa Goma (jina sitaje, wenye wanaijua wanaijua), basi naandika yote fasi moja. Tulikodi velo ine, miye na bamasta watatu, twende Sake, tupande mpaka Mushaki, kilometa 40 hivi, turudi siku ile ile.

Velo zenyewe, sina neno. Ni zile za milima, matairi pana, vitesi zinaingia bila kelele. Mpaka Mugunga ni vumbi na mamoto za kukupigia honi, ile tuache. Lakini mbele kidogo ya Sake unapita kwenye lava ya volkano Nyamulagira, ile ilishuka kati ya 1938 na 1940 mpaka ikaingia mu ziwa Kivu, na yale mawe yanakata tairi kama chupa. Zetu hazikutoboka hata moja.

Sasa nyuma ya Sake njo kazi inaanza. Ziwa iko kwenye metre 1460 hivi, kutoka pale ni kupanda paka kupanda, majani, mangombe, ukungu, na ile baridi ya Masisi yenye siye batu wa Goma tunasikiaka tu. Kila metre 1000 unapanda digrii kama 6 zinatoka, ila ukiwa unakanyaga hauisikie, jasho inakulowesha, unavua koti, unajiona champion. Vitesi ndogo za zile velo zilitusaidia kabisa, masta mmoja mwenye tumbo yake alipanda bila kushuka kwenye kiti, tukamupigia makofi. Wenye chukudu, ile velo ya mbao ya kubeba mizigo, walikuwa wanashuka na mifuko ya viazi na makala, mutu anakanyaga kile kipande cha tairi juu ya gurudumu ya nyuma, freni yake njo hiyo, anapita mbio hata hatuangalie.

Mushaki tulikunywa chai ya maziwa ya moto na mukate na fromaje ya palepale, ile ya kukata na kisu, na bei ni ndogo kuliko ya mujini. Hapo ningeweza kuandika mistari mingi lakini siyo fromaje niko nakadiria.

Kushuka sasa. Nguo imelowa jasho, upepo inakupiga kifuani, vidole vinakufa ganzi, na kilima ya kwanza tu nakamata freni, inakuja mpaka kwenye mukono wa velo, na velo bado inaenda! Bahati tulikuwa tumelipia fundi wao atusindikize (ni dola kumi juu ya bei, na masta mmoja alikuwa ananung'unika asubui ju ya ile pesa). Kijana akanipigia kelele, "Yaya, simama, usishuke hivyo!" Akalaza velo mu majani, akatoa ile mupira ya freni akanionyesha: imeisha yote, chuma njo ilikuwa inachonga rim, unaona mustari unang'aa kuzunguka gurudumu. Akaweka mpya, akakaza kamba, dakika kumi haziishe. Na asubui mwenye duka alituapia kwamba wamekagua kila kitu. Huyo huyo alikataa noti yangu ya dola ju iko na kapasuko kadogo pembeni, macho ya kuona kapasuko anayo, ya kuona freni hana.

Tena hawatoe glavu, hawana makoti ya mvua, kaske tu njo wanatoa, na yangu ilikuwa inanuka kichwa ya mutu mwingine.

Kwa hiyo miye nitarudia pale, lakini paka na yule fundi, bila yeye hapana. Ukienda, nyanyua velo mbele yao, zungusha gurudumu, kamata freni, angalia ile mupira na macho yako kabla ya kutoa pesa. Glavu nunua mitumba Birere. Nguo kavu moja weka mu plastiki uivae ukifika juu, siyo ukianza kutetemeka. Na njia ya Sake uliza bamotari jana yake mangaribi, wao njo wanajua kama inapitika. Jumapili velo zinaisha mapema, fika mbele ya saa moja ya asubui.