Wachapishaji wa broshua River Road: rangi safi, shida ni vistari

Nyota tatu, na ya tatu ni ya yule dada wa kaunta. Jina silitaji ju mwishowe walirekebisha, lakini ni moja ya zile stoli za ghorofani River Road, Nairobi, unapanda ngazi nyembamba mpaka uanze kusikia mashine.

Nilikuwa nimepeleka broshua ya sister yangu, anafungua ofisi ya ushauri nasaha. Rangi imetoka poa, karatasi nzito, bei yenyewe Westlands huwezi skia, unalipa na M-Pesa na hakuna kuzungushwa. Hapo sina neno.

Sasa maandishi. A4 ikikunjwa sehemu tatu safu zinabaki nyembamba sana, na dizaina wao alitaka kingo zote mbili zinyooke, kwa hivyo neno lisipotosha anaweka kistari kwa mkono palepale mstari umemwishia na kusonga mbele. Pale mbele kabisa, chini ya jina la sister, mstari mmoja unaishia na "the-" na wa chini yake unaanza na "rapist", yaani mbakaji. Manze. Namwonyesha, ananiambia "boss hiyo ni kawaida, nafasi iliisha". Kawaida ya nani? Neno hilo hukatwa ther-a-pist, na hata mtu akikosa kujua si angalau asome alichoandika.

Naona shida ni kwamba Kiswahili kimetudekeza, silabi zetu karibu zote zinaishia kwa vokali, ki-ta-bu, ma-sha-u-ri, unakata ukiwa umefunga macho. Kiingereza lazima usikie neno linavyotamkwa. Record ikiwa ni nomino ni rec-ord, ikiwa ni kitenzi ni re-cord, herufi ni zilezile. Strength ina herufi nane lakini ni silabi moja so haikatwi popote, na huyu jamaa alikuwa ameipasua katikati. Halafu Waingereza na Wamarekani wenyewe hawaelewani, Waingereza wanaandika know-ledge wakiangalia neno limeundwa na nini, Wamarekani knowl-edge wakifuata sauti, kwa hivyo kama kompyuta yako imewekwa Kiingereza cha Marekani na wewe ulifunzwa cha Uingereza usishangae ikikata usivyotarajia.

Raundi ya pili ndio ilinimaliza. Walipunguza saizi ya herufi, mistari ikasonga, na vile vistari vya mkono vikabaki vimekwama katikati ya mistari, "com-munity" hapa, "coun-selling" pale, ungedhani mtu ana kigugumizi. Ndio yule dada wa kaunta akaja akakaa kwa mashine, akavifuta vyote, na pale palipohitajika akabonyeza Ctrl pamoja na kitufe cha kistari. Hicho ni kistari laini, kinaonekana tu neno likifika mwisho wa mstari, likisonga kinajificha. Kazi ya dakika chache tu, na jamaa alikuwa amekaa hapo kando yake asubuhi yote!

Na si eti programu haziwezi. Frank Liang alimaliza tasnifu yake Stanford mwaka 1983 kuhusu hiyo hiyo kazi ya kukata maneno, ikatumika kwa TeX, programu ya kupanga maandishi ya Donald Knuth, na mpaka leo LibreOffice, ile programu ya bure ya kuandikia, inafuata njia yake. Ila present na project ziliwekwa kwa orodha ya maneno ya kuachwa bila kukatwa, ju mashine haijui kama umemaanisha nomino ama kitenzi. Mashine ikiwa na shaka inaacha. Huyu wetu hana shaka kamwe.

Ukienda, itisha pruf ya karatasi, ile nakala moja ya kukagua, kabla wachape zote, na uwaambie upande wa kulia wa maandishi usinyooshwe, vistari vitapungua sana. Jioni foleni ni mbaya. Kadi za biashara za sister bado nitawapelekea, hizo hazina safu.