Warsha ya safari: watoto watunge shairi au wachore?

Kila anayeandaa warsha ya watoto wa shule ya msingi kuhusu safari hukutana na swali hili. Mimi huangalia kwanza ni nani waliokaa mbele yangu.

Kwa gharama, shairi halina mpinzani: karatasi na penseli, basi. Rangi humwagika, brashi zisipooshwa hukauka, na dakika 20 za mwisho ni za kufuta meza.

Lakini kwa kumfungua mtoto mdogo, mchoro hushinda. Wa miaka 6, anayeunganisha silabi kwa shida, atachora basi, dirisha na bibi anayepunga mkono, ukimuuliza "Huyu nani?" hadithi nzima inamtoka. Na mtoto aliyehama ghafla, pengine bila kuaga, karatasi ya kuchorea haimhoji.

Wa miaka 10 ni habari nyingine. Mpe ubeti wa mishororo minne, ila mizani 16 (silabi 16 kila mshororo) na vina vya kati (silabi za katikati ya mishororo zinazofanana) uviache kwanza. Nimeona "treni" ikigeuzwa "punda" ili kina kikubali! Waulize safari ilinukia nini, nani alimlalia nani begani. Shairi likishakaa kichwani, mtoto hulighani popote.

Darasa la mchanganyiko, na muda upo? Wachore njia, kisha kila mmoja aandike mstari kandokando ya barabara yake. Kama ni dakika 40 tu na bomba la maji liko mbali, rangi ziacheni kabatini.