Kununua chakula Lubumbashi ukiwa mgeni: uzoefu wangu

Nitoe hukumu kwanza, maelezo baadaye. Mgeni anayeishi Lubumbashi, huku Kongo, na kununua kila kitu supamaketi analipa zaidi na anakula vibaya zaidi kuliko jirani yake anayekwenda na kikapu soko la hapa mjini liitwalo Kenya. Nasema hivyo nikiwa Mtanzania wa Mbeya, mwenye kazi ya kufuatilia malori ya mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kuja migodini, mshahara wa dola, nyumba ya kupanga mtaa wa Bel-Air, na watoto wanaochagua chakula.

Supamaketi nimalizane nazo haraka. Zile za katikati ya mji ni safi, zina jenereta, zinapokea kadi siku ambayo mtandao umeamka vizuri, na aliyezoea maduka makubwa ya Dar hatapotea humo. Maziwa ya boksi, siagi, jibini, nepi, sabuni, tambi: nendeni mkanunue. Tufaha na mtindi vimekuja kwa barabara kutoka Afrika Kusini, vimevuka Zambia na kuingilia mpaka wa Kasumbalesa, na kila mpaka umeongeza chake kwenye bei. Hilo nalielewa, ndiyo kazi inayonilisha. Nisilolielewa ni nyanya tatu kufungwa kwa plastiki kwenye kisinia, bei maradufu ya sokoni, na bado zimechoka.

Kwenye malipo ndiko wageni wengi tunakoumia. Kuna duka, silitaji, lilinikatalia noti ya dola 50 kwa sababu ya alama ndogo ya kalamu pembeni. Nikatoa nyingine, chenji nikapewa kwa franga zilizoungwa kwa selotepu, na kiwango cha kubadilisha wamejipangia wao. Tangu hapo nabadilisha kwanza kwa kambisti, mbadilisha fedha anayekaa barabarani na mabunda yake ya franga mezani, nazihesabu pale pale mbele yake, ndipo naingia dukani na pesa ya nchi. Noti kubwa kabisa ni ya franga 20,000, kwa hiyo beba pochi pana.

Na usidhani mshahara wa dola ni kinga. Mwaka 2025 ulianza dola moja ikiwa zaidi ya franga 2,800. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka chini ya 2,500. Franga ilipopata nguvu, bei nyingi za rafuni zilibaki pale pale, kwa hiyo dola zangu zile zile zikawa zinajaza kikapu kidogo zaidi. Wenzangu wenyeji ofisini wanaolipwa kwa franga walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

Sasa sokoni. Kuna soko la Mzee Laurent-Désiré Kabila, ambalo kila mtu huliita Mzee tu, na kuna la Kenya. Ndiyo, Kenya ni jina la komini, yaani wilaya ya mji, hapa, na Mtanzania kwenda Kenya kununua vitunguu ni utani ambao madereva wetu hawajauchoka. Mimi ni wa Kenya. Nenda asubuhi, kabla jua halijakaa juu ya mboga. Utakuta lenga-lenga (mchicha), matembele, sombe (kisamvu) iliyokwisha kutwangwa tayari kwa sufuria, unga wa karanga wa kupikia mboga, mafungu ya nyanya, samaki wakavu wa Kasenga kutoka mto Luapula, na kapenta (dagaa) waliopangwa kwa ukubwa. Wa bei nafuu ni Tomsoni, samaki wa barafu anayevuliwa baharini kule Namibia. Umeme ukiwa umekatika usiku kucha simnunui, hata muuzaji aape vipi.

Kununua kwa mtu mmoja kunalipa. Mama ninayenunua kwake mboga alinitambua kwa Kiswahili changu na akanipandishia bei bila aibu. Nikamwambia, "Mama, unipunguzieko basi." Akacheka, akasema, "Kumbe unajua! Lakini hii njo bei yake, yaya, petroli imepanda." (Njo ni ndiyo, na yaya hapa ni kaka au dada mkubwa.) Bei haikushuka hata senti, ila alinitupia rundo la lenga-lenga juu ya mzigo, nyongeza ya bure inayoitwa matabishi. Mpaka leo mchezo wetu ndio huo: bei yake inasimama, matabishi yangu yanakua.

Msimu wa mvua soko hili halina mpinzani. Kuanzia Desemba uyoga wa miombo unaingia mjini kwa mabeseni, mwingine wa njano mdogo mdogo, mwingine mmoja tu ni mpana kuliko sahani. Wauzaji hujipanga pia kando ya barabara zinazotoka nje ya mji. Usiokote mwenyewe na usinunue kwa mtoto anayepita. Nunua kwa mama mwenye meza yake, umuulize anavyoupika. Halafu kuna kikanda. Hiki hutengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi za porini vilivyosagwa, karanga, pilipili na magadi, kikaiva na kukatwa vipande kama soseji nene. Nilikiogopa kwa rangi. Sasa ndicho napeleka nyumbani nikienda likizo, ingawa wanasayansi wa mimea wanalalamika kwamba okidi hizo zinachimbwa kuliko zinavyoota, na sioni cha kuwabishia.

Jambo moja huwa naliuliza na wageni wengi hawaliulizi: hizi mboga zimelimwa wapi? Lubumbashi imejengwa juu ya shaba. Tanuru la zamani na kilima chake cheusi cha masalia unaviona karibu kila unapokwenda, na upepo umepeleka vumbi lake kwa miongo mingi kwenye mitaa kama Penga-Penga. Watafiti wa hapa wamepima mboga zilizolimwa kwenye udongo huo wakakuta shaba, kobalti, kadmiamu na risasi. Kuosha kunaondoa vumbi la juu ya jani. Kilichoingia kwa mizizi hakitoki kwa maji. Mama yangu wa mboga ananitajia shamba kila mara, na siku akianza kujikanyaga nanunua kabichi kwingine. Supamaketi? Niliuliza kijana wa rafu, akanitazama kama nimeuliza kabila la kabichi.

Unga ndio mtihani wenyewe. Hapa bukari, yaani ugali, ni chakula cha kila siku, na sehemu kubwa ya mahindi na unga wake inatoka Zambia kupitia Kasumbalesa, kama kilomita 90 tu kutoka mjini. Zambia ikipiga chafya, sisi tunalala njaa. Februari 2024 Rais Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na Agosti mwaka huo huo Zambia ikafunga mpaka kwa siku chache kwa ugomvi wa soda na bia ambazo Kongo ilikuwa imezipiga marufuku. Sisi tuliokuwa na malori yamesimama upande wa pili tulijua mapema nini kinakuja. Ulikwenda dukani ukaambiwa, "Unga haiyaingia," yaani haujaingia, na iliyokuwepo ilikuwa na bei mpya.

Kwa hiyo usinunue unga kwa meka ukiwa na uwezo wa gunia. Meka ni kopo, na kopo linabonyezwa kitako. Nenda depo, chukua gunia la kilo 25 wakati barabara iko wazi na mavuno mapya yameingia, liweke juu ya mbao mbali na ukuta. Magunia ya Zambia yaliyoandikwa Breakfast ni sembe laini nyeupe. Ya Roller ni mazito zaidi, yanashibisha, na ni nafuu. Watoto wangu wanataka Breakfast. Mimi na dada wa kazi tunakula Roller.

Ambacho sijapata bado ni mchele. Mchele wa hapa mwingi ni wa kutoka Asia, mrefu, unachambuka vizuri na haunukii chochote. Mtu wa Mbeya aliyekulia na mchele wa Kyela hawezi kujidanganya. Nazi ni za kopo, kwenye maduka ya Wahindi ambako pia utapata iliki, binzari na choroko kwa bei ya kuvumilika. Mchele naagiza: dereva akipakia Dar na kupitia Tunduma, kuna kifuko nyuma ya kiti chake chenye jina langu, na akifika Lubumbashi lazima ale kwangu sahani ya kwanza.