Hurl au throw, uandike ipi?

Huku Kampala vijana wanaojiandaa kwa mitihani ya Kiingereza wananiuliza kila mara, niandike hurl au throw? Mimi naona inategemea unataka kusema nini.

Kwa maana, throw ni kutupa au kurusha tu, unamrushia mwenzako funguo pale steji ya boda na hakuna anayeshtuka, lakini hurl ni kuvurumisha, kuna nguvu nyingi na mara nyingi hasira, ndo maana magazeti yanaipenda kwa mawe na matusi, matusi hasa, hurl insults inakaa vizuri kabisa. Ukiandika uli-hurl embe kwa mtoto, msomaji atadhani ulitaka kumuumiza, na inaniuma sana nikiikuta kwenye insha nzuri.

Kwa sarufi hurl ni rahisi, hurled basi. Throw inasumbua, threw halafu thrown, na wengi bado wanaandika throwed.

Ila kwa kazi nyingi throw inashinda, hata pati wanai-throw, hurl haiwezi. Kwa hiyo maongezi ya kila siku, throw inatosha. Kama unasimulia fujo, au upepo ulivyong'oa mabati na kuyavurumisha barabarani, hapo chukua hurl.