Mtungi umerudi na cheti, na maji ndani

Nimekaa siku tatu bila kuandika, nikingoja hasira ipoe. Haikupoa, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Naishi Yorkshire, Uingereza, na Jumapili zangu nyingi zinaishia kwenye uwanja wa kulenga shabaha na bunduki ya upepo. Hizi za siku hizi si za kukunja mtutu kama ile ya babu ya kufukuzia ngedere kule Muheza. Zinajazwa upepo kutoka kwenye mtungi. Wangu ni wa chuma, lita 3, baa 300 (kipimo cha msukumo wa upepo, wala si baa za bia). Miaka 5 ikitimia tangu chapa ya mwisho ya kupimwa, maduka ya huku hayakujazii mpaka upimwe upya. Kwa hilo sina ugomvi nao. Ukijaa, mle ndani kuna hewa ya lita 900 iliyobanwa ikakaa sehemu ya lita 3, na mimi nalala chumba cha juu yake.

Nikaupeleka kwenye karakana moja ya mji jirani, wale wale wanaowapimia wapiga mbizi. Jina silitaji, na mkimaliza kusoma mtaona kwa nini nimeshindwa kuamua kama niwaseme au niwafiche.

Kaunta kulikuwa na kijana anakula krispi. Hakuinua macho. Akauliza kama nimeutoa upepo wote. Nikamwambia nimeacha kidogo, maana nilisikia mahali kwamba mtungi usiachwe mtupu kabisa, unyevu usije ukaingia. Akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyechoka na dunia, akasema: "Nyinyi nyote mko hivi hivi."

Nyinyi nani? Nimeishi nchi hii miaka ya kutosha kulijua neno hilo, na linaweza kubeba mambo mengi. Watu wa bunduki? Watu wa rangi yangu? Wateja wa Jumamosi? Sikuuliza. Nilichukua risiti nikatoka, na njia nzima ya kurudi nyumbani nikawa namjibu peke yangu ndani ya gari, majibu makali kweli kweli, yote yakiwa yamechelewa.

Aliniambia wiki moja. Ya pili ikapita. Ya tatu nikapiga simu, nikaambiwa bado unakauka. Unakauka! Nguo za mtoto zinakauka siku moja Tanga hata masika yakiwa yamekolea. Ilikaribia wiki ya tano ndipo wakanipigia. Nikaenda nikalipa, nikapewa cheti, na begani mwa mtungi kweli kuna chapa mpya ya mwaka na mwezi, imegongwa vizuri, siwezi kusema uongo. Ila kile kifuniko cha plastiki cha mdomo wa valvu nilichokwenda nacho hakikuwepo. Kitu kidogo, najua. Lakini mtu akikupotezea kifuniko unaanza kujiuliza amekupotezea nini kingine.

Nikaujaza nyumbani, nikautumia, nikaujaza tena. Kama mara tatu. Halafu jioni moja nikafungua valvu kidogo tu kabla ya kuunga mpira wa bunduki, kama ninavyofanya siku zote, kupuliza vumbi. Ukatoka ukungu mweupe. Ukungu si hoja, upepo ukitoka kwa kasi unapoa na ukungu unaonekana. Lakini vidole vyangu vililowa. Nikachukua kitambaa cheupe kilichokuwa karibu, nikakiweka mbele ya mdomo wa valvu nikafungua tena, na kikabaki na duara la rangi ya chai ya rangi iliyotiwa majani machache.

Kutu.

"Baba Salma," mke wangu akaita kutoka jikoni, "hicho si kitambaa changu cha kufunikia mkate?"

Kilikuwa hicho. Sikuwa na muda wa kesi hiyo.

Kwa asiyejua: mtungi unapopimwa hujazwa maji, kisha maji hayo yanasukumwa mpaka baa 450, yaani mara moja na nusu ya kazi yake. Wanatumia maji kwa sababu hayabanwi kama hewa. Chuma kikiachia, maji yanamwagika tu na mambo yanaishia hapo, ila hewa ingeondoka na ukuta. Sasa mtungi wa chuma uliojazwa maji, nusu ya kazi ni kuukausha. Mimi nikajua moja kwa moja: wamenilipisha, wamenikalisha wiki tano kwa jina la kukausha, na hawakukausha. Usiku ule niliandika barua tatu kichwani. Ya tatu ilikuwa ya mwanasheria.

Kesho yake niko kaunta. Kijana yule yule, krispi nyingine. Nikaweka mtungi, nikatandaza kitambaa cha mkate mbele yake kama kidhibiti mahakamani. Akakitazama. "Mtu wa bunduki," akasema. Basi nikapaza sauti. Sijivunii. Nilisema maneno ya Kiingereza ambayo hata sikujua ninayo.

Akatoka mzee mmoja kutoka nyuma, anajifuta mikono, hana haraka. Hakunijibu. Alitoa upepo wote taratibu, ikachukua muda mpaka na mimi nikaishiwa maneno, akabana mtungi, akafungua valvu, akaupindua juu ya kisahani cha kikombe. Yakatoka maji. Kama kijiko kikubwa hivi, ya kahawia. Nikamtazama kijana kwa ushindi.

Mzee akateremsha taa nyembamba ndani ya mtungi, akanivuta bega nichungulie. Kuta zote safi, zinang'aa kijivu. Isipokuwa ubavu mmoja, mstari mwembamba wa kutu toka chini mpaka karibu na shingo.

"Unaulaza?"

Naulaza. Chini ya ngazi.

"Na ulijazia wapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kuona chumba kina joto. Nilijazia nyumbani, kwa kompresa ndogo, mashine ya kusukumia hewa, niliyoagiza mtandaoni, ya bei ya kumshangaza jirani. Akauliza kama ina chujio la kukausha hewa. Nikasema ina kitu fulani pale pembeni. Akataka kujua kama kitu hicho nimewahi kukibadilisha. Nikatazama kisahani.

Akachukua kipande cha boksi akapiga hesabu. Hewa ya huku kipindi hiki, kila mita ya ujazo inabeba gramu nane tisa za maji kama mvuke. Ukiibana mpaka baa 300 mvuke hauna pa kukaa, unageuka maji. Lita 900 ni kama gramu saba kwa kujaza mara moja. Mara tatu, toa kidogo yaliyoishia kwenye kompresa: kijiko kikubwa. Kisahani kile kile.

Sikuwa na la kusema. Au nilikuwa nalo: wiki tano! Na kifuniko! Na hivi kwenye cheti kilichojaa mistari yote ile, mmeshindwa kuandika mmoja wa kumwambia mtu asijaze kwa kompresa isiyo na chujio? Nilimwambia hivyo. Mzee akasema kweli, wiki tano ni aibu, mashine iliharibika na aliyetakiwa kunipigia hakupiga. Akamtazama kijana. Kijana akatazama krispi.

Alisugua ile kutu, akaukausha kwa hewa ya moto nikimwona kwa macho yangu, akaweka oringi mpya, ile pete ya mpira ya kuzibia valvu, akafungua droo akanipa kifuniko. Nikatoa pochi. Akakataa.

Kijana ndiye aliyenibebea mpaka kwenye gari, na nikaona nimuulize sasa: "nyinyi" ni nani? Akashangaa. "Wapiga mbizi wanaleta mitungi ina mchanga. Nyinyi wa bunduki mnaleta ina maji." Nikamwamini, kama robo tatu.

Basi nyota. Niliingia hapa kuwapa moja. Fundi namwona ana tano na mkate juu yake. Kaunta haina hata moja. Nikikumbuka wiki zile tano nazirudisha zote ziwe mbili, nikikumbuka kisahani zinapanda tatu, na kijana hakuniomba radhi mpaka leo, kwa hiyo ni mbili na nusu, na miaka 5 ikitimia nadhani nitarudi pale pale, asubuhi, yeye akiwa bado hajafika.

Mtungi sasa nauweka wima nyuma ya mlango. Kompresa nauza. Anayeitaka nitamweleza habari zake zote kabla hajalipa.