Jiko Linafungwa Saa Ngapi? Mwongozo wa Kununua Mapumziko ya Wikendi Mashambani

Tuliwasili katika ile nyumba ya wageni saa tatu na dakika ishirini usiku wa Ijumaa, baada ya kutoka mjini mara tu kazi ilipoisha, kukwama katika foleni ya magari ya watu waliokuwa na wazo kama letu, na kupotea njia mara moja. Mandhari iliyotuvuta hatukuiona, kwa maana giza halina mandhari. Chakula tulichokuwa tumekilipia pamoja na chumba hatukukipata pia, kwa sababu jiko lilikuwa limefungwa tangu saa mbili na nusu, na mkahawa wa jirani, uliokuwa umbali wa kilomita 17, nao ulikuwa umefunga. Tulilala kwa chai na biskuti. Asubuhi nilipoomba nirudishiwe fedha za mlo huo, msimamizi alinijibu kwa adabu kubwa kwamba chakula kilikuwepo, wageni ndio hawakuwepo.

Nilikasirika mpaka nilipofika nyumbani, lakini nilipotulia nilitambua kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilikuwa nimelinganisha vitanda, bwawa la kuogelea, picha za bonde na sifa zilizoandikwa na wageni waliotangulia, nisiulize swali moja lililokuwa na uzito kuliko hayo yote: siku ya Ijumaa jiko linapokea agizo la mwisho saa ngapi? Tangu hapo nimekuwa nikiyasoma malalamiko ninayoandikiwa na wasomaji kwa jicho hilo, na mengi yao, ukiyaondolea hasira, yanaeleza habari ile ile ya mtu aliyesafiri kwenda kula vizuri akakuta sufuria zimekwisha kuoshwa. Kwa hiyo katika mwongozo huu sitazungumzia magodoro wala kasi ya intaneti, mambo ambayo kila muuzaji huyaeleza bila kuombwa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Usiku miwili mashambani una milo sita: chakula cha jioni cha Ijumaa, milo mitatu ya Jumamosi, kisha kifungua kinywa na chakula cha mchana cha Jumapili. Ukichelewa Ijumaa umepoteza mmoja. Ikiwa mpishi hapiki Jumapili mchana, umepoteza wa pili, na theluthi ya kile ulichokifuata imetoweka kabla hujalalamikia chumvi. Mjini hasara hiyo hufidiwa kwa kuvuka barabara, ilhali mashambani, kadiri mandhari inavyokuwa nzuri, ndivyo mkahawa mwingine unavyokuwa mbali.

Inafaa kuelewa kwa nini majiko ya mashambani hulala mapema, kwani anayedhani ni uvivu atauliza maswali yasiyo na faida. Nyumba yenye vyumba vinane au kumi kwa kawaida humudu mpishi mmoja, na mpishi huyo ndiye anayeandaa kifungua kinywa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni ya muda wa kazi ya mwaka 2003 humpa mfanyakazi haki ya kupumzika saa 11 mfululizo katika kila saa 24. Mpishi anayewasha jiko saa moja asubuhi anapaswa, kwa hesabu hiyo, kuwa ameliacha saa mbili usiku. Hata pasipo na sheria ya namna hiyo mwili unadai vivyo hivyo. Ndiyo maana, kabla ya kuuliza menyu, mimi huuliza jikoni kuna wapishi wangapi. Wakiwa wawili, mmoja anaweza kukusubiri. Akiwa peke yake, hata awe na kipaji cha namna gani, saa yake imekwisha kupangwa.

Nimezipanga aina za malazi kwa kigezo hicho, nikichukua mifano kutoka nchi ambazo kwa miaka mingi zimeuza chakula na mandhari kwa pamoja. Popote ulipo, nyumba utakayoipata itafanana na mojawapo ya hizi.

Nafasi ya kwanza naipa Paradores ya Hispania, na sitaficha upendeleo wangu. Ni hoteli za kampuni ya serikali, na ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1928 katika milima ya Gredos, mahali palipochaguliwa na Mfalme Alfonso XIII mwenyewe. Nyingi zimewekwa ndani ya makasri, nyumba za watawa na majumba ya kale ambayo vinginevyo yangebomoka: ile ya Cardona ni ngome juu ya kilima, na ile ya Santo Estevo, katika eneo la Ribeira Sacra, ilikuwa makao ya watawa wa Kibenedikto juu ya korongo la mto Sil. Lakini kilichonivuta si mawe hayo. Kilichonivuta ni kwamba hoteli hizi ni kubwa kiasi cha kuwa na jiko lenye zamu, kwamba chakula chao kimekusudiwa tangu mwanzo kuwa cha eneo husika, na kwamba Wahispania hula usiku sana, hivi kwamba mlo wa jioni kwa kawaida huanza saa mbili na nusu, muda ule ule ambao jiko lililonilaza na njaa lilikuwa likifungwa. Mgeni wa Ijumaa anayefika saa tatu usiku hachukuliwi kuwa mkosaji, bali huongozwa mezani. Kasoro zipo: baadhi ya hoteli hizi ni majengo ya kisasa yasiyo na mvuto wowote, nyingine hufungwa majira ya baridi, na mtu mwenye watoto wadogo atateseka kusubiri saa hizo. Hata hivyo, ninapopima hoteli yoyote ya mashambani, popote ilipo, huipima kwa kuilinganisha na hizi.

Ryokan, yaani nyumba ya wageni ya jadi ya Kijapani, naiweka nafasi ya pili, ingawa saa zake ni kali kuliko za yeyote. Hapo chakula cha jioni huandaliwa kwa mgeni anayejulikana kwa jina, sahani moja baada ya nyingine, na mara nyingi huanza kati ya saa kumi na mbili jioni na saa moja. Anayechelewa bila kutoa taarifa huenda asile kabisa. Kwa nini basi nyumba kali namna hii iwe ya pili? Kwa sababu husema ukweli mapema. Saa ya chakula huulizwa wakati wa kuweka nafasi au pale mgeni anapopokelewa, na bei ya kawaida hujumuisha usiku mmoja na milo miwili, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba hakujua. Uzoefu upo wa kutosha, kwani Nishiyama Onsen Keiunkan, katika mkoa wa Yamanashi, inahesabika kuwa imepokea wageni tangu mwaka 705. Angalia jambo moja tu kabla ya kulipa: bei kwa kawaida hutajwa kwa mtu, si kwa chumba, na wengi hugundua hilo wakiwa wamekwisha kuwaahidi wenzao. Ushauri wangu ni kuichagua ikiwa unaweza kuondoka Ijumaa mchana. Kama huwezi, safiri Jumamosi asubuhi na ununue usiku mmoja tu.

Ya tatu ni agriturismo ya Italia, yaani shamba linalopokea wageni, na hapa moyo wangu ungependa kupandisha daraja lakini kigezo kinakataa. Sheria namba 96 ya mwaka 2006 inataka kilimo kibaki kuwa kazi kuu ya mwenye shamba na utalii uwe wa ziada, na vyakula vinavyotolewa vitoke kwa sehemu kubwa katika shamba lenyewe na mashamba ya eneo hilo. Kwa ladha, sijui mpango mwingine unaomlinda mlaji namna hiyo. Ila mkulima aliyeamka alfajiri hataki meza yenye saa mbalimbali. Mara nyingi mlo ni mmoja, saa ni moja, menyu haichaguliwi, na katika mashamba mengi chakula cha jioni hutolewa siku fulani tu au kwa waliojiandikisha mapema. Zaidi ya hayo, neno lenyewe si ahadi ya chakula, kwa maana yapo mashamba yanayotoa vyumba tu. Alama rasmi za alizeti zinazopangwa kutoka moja hadi tano hupima huduma na starehe. Hazikuambii kama Ijumaa usiku kuna sufuria motoni. Uliza kwa maandishi, na uhifadhi jibu.

Nyumba ndogo za familia za Ufaransa zenye mkahawa chini na vyumba juu ni nafasi ya nne. Chama cha Logis, kilichoanzishwa mwaka 1949, kina utaratibu ambao ningependa dunia nzima iuige: hoteli hupimwa kwa alama za meko, na mkahawa wake hupimwa kando kwa alama za vyungu, kwa hiyo nyumba yenye vyumba vya kawaida na mpishi hodari haidhulumiwi. Mimi husoma vyungu kwanza. Tatizo ni Jumapili jioni na Jumatatu, siku ambazo mikahawa mingi ya vijijini nchini humo hupumzika, na mchana wa siku nyingine ambapo jiko hufungwa kuanzia kama saa nane. Anayepanga kurefusha wikendi hadi Jumatatu atajikuta ndani ya hoteli iliyo wazi yenye jiko lililofungwa.

Baa za vijijini za Uingereza zenye vyumba juu nazipa nafasi ya tano, na hapo mandhari ndiyo inayoziokoa: Uingereza na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za umma ambazo mtu yeyote anaweza kuzipita, nyingi zikikatiza katikati ya mashamba ya watu, hivyo unatoka mlangoni na kuanza kutembea bila gari wala kiingilio. Chakula cha mchana cha Jumapili ni sherehe. Baada ya hapo, katika baa nyingi, jiko hufungwa mpaka kesho yake.

Nyumba za kukodi za kujipikia naziacha mwisho. Ndizo za bei nafuu, na zina watetezi wengi wanaosema kwamba jiko lako halifungwi. Ni kweli, lakini mpishi ni wewe, na atakayeosha vyombo pia ni wewe. Gîtes de France, shirikisho lililoundwa mwaka 1955, hupanga nyumba zake kwa masuke ya ngano kutoka moja hadi tano, na nyumba hizo ni nzuri kwa juma zima. Kwa usiku miwili unatumia nusu ya Jumamosi kutafuta duka. Mahema na mabweni nayo yapo, na anayeyapenda hahitaji mwongozo wangu.

Bei ya nyumba hizi za kukodi ndiyo inayonifikisha kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Wauzaji wa mapumziko mafupi wamejifunza kuficha gharama ndani ya ada zisizobadilika. Ada ya usafi hutozwa mara moja kwa kila ukaaji, kwa hiyo anayekaa usiku saba huigawa mara saba, na sisi wa wikendi huigawa mara mbili, ingawa shuka tulizochafua ni zile zile. Juu yake huja ada ya huduma, na wakati mwingine ada ya mji wa mapumziko ambao haupo. Marekani ilipitisha kanuni, iliyoanza kutumika tarehe 12 Mei 2025, inayowalazimisha wauzaji wa malazi ya muda mfupi kuonyesha bei kamili yenye ada zote za lazima tangu mwanzo. Ni hatua nzuri, lakini bei kamili haisemi kama ndani yake kuna chakula. Tovuti za kuweka nafasi zina vichujio vya kila namna, vya bwawa, mbwa, maegesho na maji moto, na sijawahi kukutana na kimoja kinachochuja kwa saa ya agizo la mwisho. Zinajua mto una manyoya ya bata. Hazijui mpishi anaondoka saa ngapi. Nyumba iliyoninyima chakula ilikuwa na picha 41, tatu kati yake za sahani ile ile ya mboga iliyopigwa kutoka pande tofauti, na maneno “chakula cha shambani” yalirudiwa mara nne, bila saa hata moja.

Siku hizi silipi kabla ya kupiga simu, na napiga Ijumaa, kati ya saa moja na saa mbili usiku, kwa sababu muda huo anayepokea ni mtu aliye karibu na jiko. Namuuliza agizo la mwisho la leo litapokelewa saa ngapi, si la siku za kawaida, kwa kuwa kila nyumba ina siku za kawaida ambazo mgeni hajawahi kuzikuta. Namuuliza Jumapili mchana nani atapika. Kisha namuuliza, nikichelewa kwa saa moja kutokana na foleni, kama kuna sahani inayoweza kufunikwa na kuachwa mezani, hata iwe supu na mkate. Mara ya mwisho mwanamke aliyepokea aliniambia nisubiri, akageuka, na nikamsikia akimuuliza mtu mwingine swali hilo huku vyombo vikigongana nyuma yake. Nililipa kabla hajarudi kwenye simu.