Miezi minne na FamilySearch: nilivyoanza kutafuta ukoo wa mama yangu hapa Lubumbashi

FamilySearch, tovuti ya kutafutia ukoo, ni ya bure. Unafungua akaunti, huombwi kadi ya benki. Naanza na hilo kwa sababu kabla yake nililipia tovuti nyingine mwezi mzima. Nikaandika jina la baba yake kambo (hapa kwetu kambo ni bibi; huyu ni mama wa mama yangu), ikaniletea Wabelgiji. Wanaoendesha FamilySearch ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mimi ni Mkatoliki, na hakuna aliyeniuliza dini.

Siku ya kwanza nilitafuta jina lile lile, sikupata kitu. Makaratasi yetu yalipotea 1992, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai kama familia yetu, walipofukuzwa Katanga, kwa hiyo hata nyumbani sikuwa na pa kuanzia. Kilichonisaidia ni sehemu ya kurekodi sauti kwenye programu yao ya simu. Nikaenda kwa kambo, mtaa wa Katuba, nikaweka simu mezani karibu na kikombe chake cha chai.

«Kambo, baba yenu alifikaje huku?»

«Alipandaka treni ku Port-Francqui, akashuka hapa na kifuko kimoja tu.»

Alisema Port-Francqui, jina la Ilebo la enzi za Wabelgiji. Reli ya BCK, kampuni ya treni ya wakati ule, ilifika Port-Francqui mwaka 1928, kwa hiyo hakuja kabla ya hapo. Kambo alizaliwa 1941 katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi. Kwa sentensi moja ya kambo nikapata miaka kumi na mitatu ya kutafutia, ambayo hakuna tovuti ingenipa.

Kisha nikaenda paroisse (parokia) alikobatizwa kambo. Katibu alifungua kitabu kikubwa cha ubatizo, maandishi ya Kilatini kwa wino uliogeuka kahawia. «Filia Josephi», binti wa Joseph, na pembeni mwa ukurasa ndoa ya kambo imeongezwa kwa mkono mwingine. Nilipomweleza kambo, alinyamaza kidogo, akasema: «Ile jina ya Joseph, Mobutu aliikatazaka.» Ndiyo sababu nilikuwa napotea! Tangu 1972 majina ya Kikristo yaliondolewa, watu wakachukua post-nom, jina la Kiafrika linalofuata jina la ukoo. Mtu yule yule ni Joseph kwa padri, na mtu mwingine kabisa kwenye karatasi za serikali. Programu ina nafasi ya majina mengine. Andikeni yote mawili, pamoja na jina la utani la kazini kama mnalijua.

Jambo la kuangalia: mti wa FamilySearch ni wa watu wote. Marehemu uliyemwingiza, mtu mwingine anaweza kumbadilisha, kwa hiyo mimi kila mara naandika chini habari nimeitoa wapi: kwa mdomo wa kambo, au kwenye kitabu cha ubatizo. Walio hai hawaonekani kwa wengine, na hilo lilimtuliza mama yangu. Sauti zinakula mega za intaneti kuzipandisha; mimi napandisha usiku.

Nyota nne kati ya tano. Ningetoa tano kama rejista za paroisse zetu zingekuwa humo ndani.

Jumapili naenda Likasi kwa ndugu mkubwa wa kambo. Kambo ameniagiza nimuulize jina la mama yao kabla ya ubatizo, maana yeye alikuwa mdogo mno mama alipofariki, na hajawahi kulisikia.